Barua kwa mwanangu: fundi wenu wa bao

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na sikutaka kuijibu kwa haraka. Unanieleza kwamba mzee mnayecheza naye bao hapo barazani kwenu Magomeni, yule ambaye wote mnamwita fundi, amegundulika ana saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kwamba madaktari wamemweleza yeye na mkewe waziwazi kuwa ugonjwa umeshasambaa na hautapona. Unasema ninyi wachezaji wenzake mmegawanyika: wapo wanaotaka mchange fedha mpeleke nyumbani kwake kisha mumwache apumzike, wapo wanaotaka aendelee kuitwa barazani kama kwamba hakuna lililotokea, na wapo ambao tangu wasikie habari hiyo hawajathubutu hata kumpigia simu. Unaniuliza mimi, niliyestaafu katika uuguzi, ningewashauri nini.

Nendeni mkacheze naye, nyumbani kwake, kwa kadiri atakavyoweza na kwa muda wote atakaoweza. Michango na dawa ni vya lazima, na nitavieleza, lakini hivyo ana watu wengine wa kumpa au kumtafutia. Mkewe hajui kunamua wala kutakata, yaani bao halichezi. Daktari anamjua kwa jalada lake. Watoto wake, kwa mapenzi yao, wanamtazama kama mgonjwa tangu alfajiri hadi usiku. Waliobaki wa kumkalia mbele, wakampigia hesabu na kumla kete zake kama walivyokuwa wakifanya mwaka jana, ni ninyi peke yenu.

Na msimwachie ashinde. Mchezaji wa kiwango chake humtambua mara moja mwenzake aliyeacha mtaji mzuri, yaani nafasi ya kula kete, kwa makusudi, na ushindi wa namna hiyo utamwambia kwamba mmeshamwondoa kwenye idadi ya wachezaji. Ikiwa akili yake imechoka siku hiyo, mwulizeni kama angependa mchezo mfupi zaidi, au kama angependa kutazama wengine wawili wakicheza naye akikosoa, jambo ambalo wazee wa bao hulifurahia karibu sawa na kucheza kwenyewe.

Lazima mjue kwamba bao la Kiswahili ni mzigo kwa mwili dhaifu kuliko mnavyodhani ninyi mnaocheza hadi adhana ya magharibi. Kete 64 katika mashimo 32, kila mtu ana 22 za kuingiza moja moja kabla ya kufika hatua ya pili, nayo pia huitwa mtaji, na muda wote huo mtu ameinama mbele, ameegemea tumbo. Mtu mwenye saratani ya umio amekonda, mifupa ya makalio imebaki na ngozi tu, na kukaa kwenye kigoda nusu saa kwake ni mateso. Kwa hiyo bao lipelekwe kitandani. Egemezeni mgongo wake kwa mito hadi awe ameketi nusu, wekeni ubao juu ya meza ndogo iliyo sawa na mapaja yake, na kama mkono wake unatetemeka, mwulizeni kwanza, na akikubali, mmoja wenu amshikie kete na kuzisambaza kwa kauli yake: yeye ataje shimo na upande, huyo mwingine atekeleze. Huyo anayemtekelezea asimsahihishe wala asikohoe akiona kosa. Mchezo ukikatika kwa uchovu, pigeni picha ya ubao kwa simu, na idadi ya kete zilizobaki mikononi iandikwe, ili kesho muanze pale pale. Kumaliza haraka haraka ili muondoke ni kumfukuza mchezoni.

Saa ya kwenda iamuliwe na dawa. Akifikia hatua ya kupewa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, na pengine ameshaifikia, hupewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, bila kusubiri maumivu yarudi. Dawa hiyo huanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, na nguvu yake hukamilika karibu na saa nzima. Mwulizeni mkewe ratiba, mfike baada ya hapo, nanyi mtamkuta mtu tofauti kabisa na yule ambaye jirani alimkuta saa moja mapema akarudi mtaani na habari kwamba "amekwisha". Mtasikia pia watu wakinong'ona kwamba mofini ni madawa ya kulevya au ni dawa ya kumwahisha kufa. Nimelisikia neno hilo katika kila wodi niliyofanyia kazi, na limewafanya wagonjwa wengi kulia usiku pasipo sababu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa polepole na wanaoijua, mofini haimwahishi mtu. Shida yake ya kila siku ni kufunga choo, ndiyo maana lazima iambatane na dawa ya kulainisha. Wenzetu wa Uganda walianza kuitoa ya maji, yenye gharama ndogo, mwaka 1993, pale daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma ya wagonjwa wa aina hii huko Kampala, na tangu mwaka 2004 wauguzi wao waliosomea kazi hiyo wameruhusiwa kisheria kuiandika. Kama mzee wenu hajaunganishwa na watu wa tiba shufaa, wanaotuliza maumivu na taabu za wagonjwa wasiopona, mmoja wenu amsindikize mwanawe hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road akaulize. Kazi ya kupanga foleni na kuuliza ni msaada ambao familia iliyochoka huipokea kwa mikono miwili.

Akipangiwa mionzi, msianze kusema kwamba kumbe kuna matumaini na madaktari walikosea. Katika ugonjwa huu mionzi mara nyingi hutolewa ili njia ya chakula ifunguke kidogo, mtu aweze kumeza, na wengine huwekewa kibomba cha kuupanua umio kwa sababu hiyo hiyo.

Nalo suala la chakula ndilo ambalo wageni huliharibu zaidi. Ugonjwa wa umio huanza kwa kukwamisha nyama na ugali, ukaja wali, ukaja mkate, mwisho hata uji unapita kwa shida. Sasa wageni wanakuja na machungwa, ambayo yanamchoma, na maandazi, ambayo hayapiti, kisha wanakaa kumbembeleza: "Mzee, jitahidi hata kidogo." Anayelazimishwa kumeza anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Mkitaka kupeleka kitu, pelekeni maziwa, au mwulizeni mkewe kinachopita wiki hii, kwa sababu cha wiki iliyopita huenda hakipiti tena. Na kahawa mnayokunywa barazani, kama angali anaweza kuipitisha na anaitaka, apewe ikiwa imepoa. Najua mtaani wameshaanza kusema kwamba ni kahawa hiyo inayomuua. Ni kweli kwamba mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto mno, vinavyopita nyuzi 65, yaelekea vinachangia saratani ya umio, na ninyi wenyewe mngefanya vyema kuiacha ipoe. Lakini mazungumzo hayo yaishie barazani. Mgonjwa asiyepona hana la kufanya na sababu, isipokuwa kujilaumu.

Kwa hao wanaoogopa, usiwatukane wala usiwaite wanafiki. Wengi wao hawajui waseme nini, basi wape maneno: "Mzee, nilisikia, nikakosa la kusema. Nimekuja na kete." Hayo yanatosha. Asiyeweza hata hivyo, apewe kazi ya mbali, ya kumkodishia bajaji mgonjwa siku za kliniki au kumfuatilia dawa. Katika ziara nendeni wawili, watatu wakizidi, kwa zamu mliyokubaliana na mkewe, na mkifika mwambieni mama huyo kwamba kwa saa hiyo nzima mgonjwa ni wenu, yeye akalale au akaende sokoni. Ninyi wanaume huwa mnamshukuru mwenye nyumba kwa chai. Safari hii chai mtengeneze wenyewe.

Kuna siku ataweka kete chini na kuanza kuzungumza juu ya kifo chake. Wakati huo msimkatishe kwa "usiseme hivyo, mzee, utapona inshallah." Kumwombea ni haki yake juu yenu; kumwahidi kupona wakati ameshaambiwa ukweli ni kumnyamazisha, naye ataacha kuwaeleza lolote la maana. Sikilizeni, na kama hamna jibu, kaeni. Vilevile mtu asije na chupa ya miti shamba aliyosikia imemponya fulani wa mkoa fulani. Mizizi mingine hupambana na dawa zake, na kila chupa mpya inamrudisha kwenye matumaini ambayo alikuwa ameshayaweka mahali pake kwa tabu kubwa.

Mchango uwe na mweka hazina mmoja, daftari moja, na fedha zikabidhiwe mkewe faraghani, bila kutangaza jina la aliyetoa wala kiasi. Mara nyingi kinachohitajika hasa ni vitu ambavyo hakuna anayefikiria kuvileta: sabuni, mashuka ya ziada, nailoni ya kutandika juu ya godoro, nauli, vocha ya simu.

Na kuhusu ubao wake, ambao unasema ni wa mninga na kete zake ni za komwe alizoziokota mwenyewe Bagamoyo, asiwepo kati yenu wa kuutaja kabla yake. Akiutaja mwenyewe na kusema ubaki barazani, mwombeni awaambie hivyo watoto wake mbele yenu, siku hiyo hiyo. Dini yetu inamruhusu mtu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi, kwa hiyo ubao hauna tatizo. Tatizo huwa ni kauli ambayo warithi hawakuisikia, na baraza zima linaweza kugombana na familia kwa ajili ya kipande cha mti. Akitaka kuwafundisha vijana wenu mbinu zake kabla hajaondoka, wapelekeni. Asipotaka, msimfanye kazi.

Baba yako anakusalimu, na anasema anamkumbuka mzee huyo tangu mashindano ya zamani ya Temeke, kwamba alikuwa mchezaji mwenye maringo. Mfikishie salamu hizo jinsi zilivyo, na maringo yake yakiwemo. Nawe zungumza na mkewe wiki hii, kisha uniandikie mgonjwa anapewa dawa saa ngapi, analala upande gani, na kama ameanza vidonda vya mgongo, ili nikueleze namna ya kumwinua na kumgeuza mnapomweka sawa kwa mchezo.

Mama yako,
Tanga