Mgeni akikuuliza kama nguo ina kitu cha mnyama

Ukiuza nguo na mikoba Mji Mkongwe, mteja vegani utakutana naye tu. Huyu hali wala havai kitu kilichotoka kwa mnyama. Anaushika mkoba, anaugeuzageuza, kisha anakuuliza umetengenezwa kwa nini. Wauzaji wengi hujibu "si ngozi" wakadhani wamemaliza. Ngozi ni mwanzo tu. Bado kuna sufu ya kondoo, hariri, manyoya ya bata ndani ya mito, vifungo vya pembe na vya chaza, na baadhi ya gundi.

Hariri ndiyo inayotuumbua zaidi. Madukani kwetu kila kitambaa laini kinachong'aa kinaitwa hariri, na kingi ni poliesta tupu, nyuzi za plastiki za kiwandani. Mwanamme anayeogopa kuvaa hariri kwa ajili ya dini yake atashukuru akiambiwa hivyo, na vegani pia, kwa sababu ili uzi wa hariri utoke mrefu bila kukatika, vifukofuko huchemshwa na mdudu yumo ndani. Kwa hiyo usitegemee jina la dukani. Tia moto.

Chomoa nyuzi chache pembeni mwa jora, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, kisha washa kiberiti. Pamba hushika moto upesi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini, ya kijivu. Hariri hujikunja, huungua kwa kusitasita na kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Kinachobaki ukikisaga kwa vidole kinakuwa unga mweusi. Sufu ya kondoo nayo hunuka nywele vilevile, kwa hiyo harufu hiyo inakwambia yumo mnyama, haikwambii ni yupi. Poliesta huyeyuka, na ikipoa huacha kishanga kigumu. Dalili zikichanganyika, jua kitambaa kimechanganywa, na mwambie mteja hivyohivyo.

Batiki nayo ina mtego wake. Kitambaa ni pamba, lakini wachoraji wengine huchanganya nta ya mshumaa (parafini) na nta ya nyuki ili rangi isipenye ovyo kwenye nyufa. Nta hutolewa baadaye kwa maji ya moto, ila vegani mwenye msimamo anataka kujua ilitumika nta gani. Muulize aliyekutengenezea.

Sasa vyeti. Mtoto wa kaka yangu, ninayemfundisha cherehani, aliniletea kitambaa kutoka Bara akifurahi: "Shangazi, hiki kina alama ya GOTS, basi hakina mnyama." Sivyo, mwanangu. GOTS ni kiwango cha kimataifa cha nguo, na inahusu nyuzi za kilimo hai, angalau asilimia 70, pamoja na kemikali zinazotumika na hali za wafanyakazi. Sufu na hariri zinaruhusiwa humo. OEKO-TEX Standard 100 nayo hupima kama kitambaa kina sumu ya kumdhuru mvaaji, basi. Alama inayojibu swali la mnyama khasa ni ile ya Vegan Society ya Uingereza, jumuiya iliyoanzishwa 1944 na kuanza kutoa alama yake 1990. PETA, shirika la kutetea wanyama, pia wana yao, ambayo msingi wake ni kampuni kujaza maswali na kutia saini tamko.

Na hili mafundi walishike: kununua jora lenye GOTS hakukupi ruhusa ya kubandika nembo hiyo kwenye gauni uliloshona. Kila hatua, pamoja na ya kushona, lazima iwe na cheti chake. Muuzaji akikuonyesha karatasi, angalia jina la kiwanda, aina ya bidhaa na tarehe ya kumalizika, kisha tafuta jina hilo kwenye orodha ya GOTS mtandaoni, iko wazi kwa kila mtu.

Mimi sina cheti hata kimoja na biashara inakwenda. Kila mkoba nauwekea kikaratasi: pamba, bitana ya pamba, uzi wa poliesta, kifungo cha kifuu. Nimegundua wateja hawa wanasoma kikaratasi kwa makini kuliko nembo.

Wala hatuna haja ya kuhangaika na vitu vya mbali. Kanga na kikoi cha pamba, mkoba wa ukili, kamba ya makumbi, mto wa usufi badala ya manyoya, vyote hivyo bibi zetu walikuwa navyo kabla mtu hajatuuliza. Kofia ya mkono iangalie uzi wake kwanza, maana zingine hudariziwa kwa hariri.

Kinachonikera ni mikoba ya PVC inayouzwa ghali kwa jina la "ngozi ya vegani". Ni kweli mnyama hayumo, lakini hiyo ni plastiki, na sisi tulishapiga marufuku mifuko ya plastiki visiwani tangu 2006. Hata Piñatex, ile ya nyuzi za majani ya nanasi, hupakwa utomvu wa kiwandani juu yake. Mteja akitaka makubadhi yasiyo ya ngozi, mimi namtolea ya ukanda wa turubai la pamba na soli ya mpira, namtajia gundi niliyotumia, halafu achague mwenyewe.