Mkalimani wa Ubalozi Analipwa na Fungu Gani?

SWALI: Mhariri, binti yangu amehitimu shahada ya lugha, Kifaransa na Kiswahili. Ameambiwa balozi zetu za nje zinahitaji wakalimani. Hiyo ni ajira ya Serikali ya mshahara wa kila mwezi?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Mara nyingi siyo, na afadhali binti ajue mapema.

Ubalozini kuna maofisa waliotumwa kutoka nyumbani na kuna watumishi walioajiriwa hukohuko, kama madereva na wapokea wageni. Maofisa wamo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za ajira zilizoidhinishwa, wanalipwa mshahara na posho ya utumishi wa nje. Mkalimani kwa kawaida huangukia kundi la pili, au huitwa kwa kazi ya siku mbili tatu. Huyo wa kuitwa hutegemea Matumizi Mengineyo, kapu lilelile linalonunua mafuta ya gari na kulipa bili ya umeme. Fedha ikibana, huyo ndiye anayeambiwa asubiri.

Bajeti ya balozi zetu imo Fungu 34, la Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini kupitishwa bungeni Dodoma si kufika kwa fedha. Hazina hutoa kwa awamu. Halafu bajeti hupangwa kwa shilingi na kutumika kwa fedha za kigeni. Tuseme ukalimani umetengewa milioni 10, dola ikikadiriwa shilingi 2,300: hizo ni dola 4,348. Dola ikipanda hadi 2,600, zinabaki 3,846. Dola 502 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba hata senti. Wala balozi hawezi kuchota ada za viza kuziba pengo apendavyo. Kwa Ibara ya 135 ya Katiba, mapato ya Serikali huingia Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vingine.

Binti akitaka mshahara wa uhakika, aombe nafasi za Afisa Mambo ya Nje zinapotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Kifaransa chake kitambeba humo pia.

SWALI: Nilikalimani kwa ujumbe wa nchi moja uliokuja mkutanoni Arusha. Malipo yalichukua miezi saba. Nilikosea wapi?
Mkalimani, Sakina

JIBU: Pole dada. Huenda kosa lilianza kabla hujakaa kibandani, kile chumba kidogo cha wakalimani. Usianze kazi kwa simu ya “njoo kesho”. Dai LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza huduma, au mkataba wenye jina la mlipaji hasa: ni ubalozi, ni wizara ya kwao, au ni sekretarieti ya mkutano? Katika mikutano ya Arusha hawa watatu hukaa meza moja, na kila mmoja humdhania mwenzake ndiye mlipaji.

Toza kwa siku, usitoze kwa saa, na utenganishe ada, nauli na posho ya kujikimu. Andika watakulipa nini wakiahirisha siku mbili kabla. Kama mlipaji ni taasisi ya Serikali yetu, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla hujalipwa, ili usije ukadhani umepunjwa. Na ankara isichelewe hadi mwisho wa Juni. Mwaka ukifungwa hujalipwa, dai lako linakuwa deni la kuhakikiwa, na uhakiki una foleni yake.

Hapa hatuna simile: ukalimani wa papo kwa papo, ule wa kutafsiri msemaji akiwa bado anaongea, ni kazi ya watu wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi. Mwandaaji anayeajiri mmoja ili abane matumizi anajidanganya. Akili ikichoka, vya kwanza kupotea ni tarakimu na majina, na kwenye mkataba wa mkopo hivyo ndivyo kila kitu. Anayepumzika naye hapumziki kweli. Kalamu iko mkononi, anamwandikia mwenzake “14.6 m”, yaani milioni, kwenye karatasi na kuisogeza chini ya taa. Kibanda cha kuhamishika cha watu wawili kiwe na upana wa mita 1.6 angalau, na hewa ipite. Tumeona vibanda vikibanwa ukutani, mkalimani hamwoni msemaji. Asiyeona midomo na slaidi anakisia. Nyaraka nazo dai siku tatu kabla. Hotuba inayosomwa kwa kasi, bila nakala mkononi, haikalimaniki vizuri hata na bingwa.

SWALI: Mtanzania akifanya kazi ubalozi wa kigeni hapa nchini, ana kinga?
Kijana wa Kaloleni, Arusha

JIBU: Usiitegemee. Kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, mtumishi wa kawaida ambaye ni raia wa nchi mwenyeji hupata kile tu ambacho nchi hiyo imekubali kumpa. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza mambo mawili: kodi ya mshahara inakatwa na nani, na michango yako ya NSSF inapelekwa kila mwezi au hapana.