Muulize Shangazi: Nimepata nafasi ya mhusika mkuu na mwanangu ana miezi 8

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni mwigizaji wa jukwaani, nina miaka kumi kwenye hii kazi na nina mtoto wa miezi 8, bado ananyonya. Juzi nimepigiwa simu nimepewa mhusika mkuu kwenye igizo ambalo nimelitamani tangu niko chuo, mazoezi wiki sita kuanzia saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, halafu maonyesho wiki tatu. Mume wangu anasema nikubali, mama mkwe hasemi kitu ila akimbeba mtoto anamwambia "masikini, mama yako anaenda kucheza". Dairekta nilipomuuliza habari ya kunyonyesha akanijibu hayo utayapanga mwenyewe, nataka kujua upo au haupo. Nalia usiku Shangazi. Nikikataa naogopa hawataniita tena, nikikubali naona kama namtupa mwanangu. Nifanyeje?
Mama wa Miezi Minane

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, maana kwenye barua yako yote sijaona mtu aliyekupa hongera.

Nianze na hilo neno la mama mkwe, kucheza, kwa sababu najua ndo limekuchoma kuliko hata la dairekta. Kazi yetu inaitwa mchezo basi watu wanadhani tunatoka kwenda kujifurahisha, nesi akiingia zamu ya usiku hakuna anayemwambia mtoto wake masikini. Usigombane naye. Mwombe aje akae mazoezini saa moja tu, aone mtu anavyorudia kuanguka sakafuni mara kumi na tano mpaka goti linavimba. Mama mkwe wangu nilimleta hivyohivyo, alikaa kimya mpaka mwisho, na kuanzia siku ile yeye ndo alikuwa ananiambia mama ondoka utachelewa.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Humtupi mtoto, shida yako ni saa. Kazi ya jukwaa inaanza pale kazi za wengine zinapoisha, kituo cha kulelea watoto kinafungwa na wewe ndo unapakwa rangi usoni, saa ya kumwogesha na kumlaza ndo hiyohiyo pazia linafunguliwa, na mtu wa kukaa na mtoto mpaka saa tano usiku ni mgumu kumpata na ndo analipwa zaidi. Hayo wewe hukuyapanga. Uingereza wazazi wa sanaa za jukwaani walichoka kila mtu kuhangaika kivyake, mwaka 2015 wakaanzisha shirika, Parents and Carers in Performing Arts, la kuzibana kumbi na vikundi vibadilishe utaratibu. Marekani kulikuwa na siku za kuweka taa na sauti ambazo mwigizaji anashinda ukumbini masaa 12, kati ya hayo anafanya kazi masaa 10, na tangu 2020 kumbi nyingi zimeanza kuziacha, na waliozipigia kelele ni pamoja na wazazi. Kwa hiyo ukiambiwa sanaa ndivyo ilivyo usikubali haraka, ni ratiba tu ile na kuna watu waliiandika.

Ndo maana dairekta usimpe jibu la upo au haupo, mrudie na maombi, kabla hujasaini, na kwa maandishi. Omba ratiba ya mazoezi ya wiki nzima mapema na uitwe kwa sehemu zako tu, mhusika mkuu kweli yupo karibu kila mahali lakini sio kila mahali, kuna jioni utaona wanafanya ngoma ya kundi masaa mawili na wewe umekaa kwenye benchi maziwa yamejaa. Omba dakika ishirini kila baada ya masaa matatu hivi, chumba chenye mlango unaofungwa, na choo kisihesabiwe kuwa chumba, pamoja na friji. Uliza nani mbadala wako na ataanza lini kujifunza skripti, maana mtoto ataumwa, hilo halina kama. Na wiki ya taa na sauti uijue tarehe zake leo, hiyo ndo wiki mama au dada anatakiwa ahamie kwako.

Upande wa maziwa, miezi 8 tayari anakula, hiyo ni nafuu kubwa kuliko ungekuwa na wa miezi miwili. Maziwa uliyokamua yanakaa masaa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, friji siku 4. Mzoeshe kikombe au chupa kuanzia wiki hii, na apewe na mtu mwingine wewe ukiwa haupo chumbani, akikusikia harufu atakataa.

Mi wangu alikuwa na miezi minne niliporudi. Usiku wa tatu, sehemu ya pili, kuna kichanga kililia huko viti vya nyuma na maziwa yakashuka palepale, nimevaa gauni jepesi la kijivu, mabaka mawili. Nikakunja mikono kifuani. Mwenzangu tuliyekuwa naye stejini akaona, akavua shali yake akanifunika mabegani huku anaendelea kusema maneno yake, na kwa watazamaji ilionekana ni mapenzi tu. Nikitoka nikakaa nyuma ya seti nikalia dakika mbili. Igizo lililofuata kikundi kile hawakuniita, nilijua kwenye bango, wakasema walidhani sitaki sababu ya mtoto. Hakuna aliyeniuliza. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, na ndo sababu nakwambia ukikubali au ukikataa useme kwa mdomo wako, wasije wakakuamulia.

Na kuhusu kuogopa mtoto atakuwaje, mwaka 1782 mwigizaji Sarah Siddons akiaga mji wa Bath kwenda London aliwapandisha watoto wake watatu stejini akawaambia watazamaji hawa ndo sababu zangu tatu za kuondoka. Huko London mwanawe Henry, miaka 8, akaigiza naye kama mtoto wake, na kwenye mazoezi alipomwona mama yake anakufa aliangua kilio akidhani ni kweli. Mwanao naye kuna siku utamleta mazoezini akulilie hivyo, utambeba huku una wigi.

Kama dairekta akikataa yote, hata friji, basi hiyo nafasi iache bila kujilaumu, maana kikundi kisichoweza kukupa friji hakitakupa mbadala siku mtoto ana homa. Ila mi nadhani nusu atakubali, wengi hawajawahi kuombwa.

Barua ipeleke Jumatatu, halafu niandikie uniambie kajibu nini.