Wali, mfuko wa nailoni na nusu punje ya mchele

SWALI: Shikamoo fundi. Wali wa nazi ukikaribia kukauka napunguza moto, natandaza mfuko wa nailoni juu yake, ndipo naweka mfuniko uive kwa mvuke. Juzi mteja kasusa sahani, eti nawalisha watu kemikali. Mbona mfuko una kipicha cha glasi na uma? Si maana yake umeshapimwa?
Mama Lishe, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mteja kakuudhi, lakini hajakusingizia.

Kazi ya kupima vifungashio nimeifanya miaka mingi, basi ngoja nikuingize jikoni kwetu. Hatupimi kwa wali. Tunatumia chakula cha bandia: asidi ya siki ya asilimia 3 iwe kama ukwaju na nyanya, mafuta ya kula yawe kama vyakula vyenye mafuta. Tunakata kipande cha plastiki, tunakitumbukiza, tunakifungia kwenye oveni. Kwa chakula kitakachokaa muda mrefu bila kupashwa moto, kanuni za Ulaya zinataka siku 10 kwenye nyuzi 40. Kuna safari moja siku ya nane umeme ulikatika usiku kucha. Tukamwaga yote, tukaanza upya. Siki tunaikausha hadi kwenye kibakuli ubaki utando wa vilivyotoka kwenye plastiki, ambao kwa macho huuoni vizuri, tunaupima kwenye mizani ambayo hata ukiipumulia inayumba. Mafuta hayakaushiki. Hapo tunapima plastiki yenyewe kabla na baada, kisha tunatafuta imekunywa mafuta kiasi gani, maana plastiki nayo hunywa. Kazi ya kukera hiyo, asikudanganye mtu.

Kikomo cha Ulaya ni miligramu 10 kwa kipande cha sentimita 10 kwa 10. Punje ya mchele ina miligramu 20 hivi, kwa hiyo ni nusu punje. Hiyo ni jumla ya vyote vinavyotoka. Kemikali moja moja zina vikomo vyake, na nyingine zimefukuzwa: bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, ilikatazwa kwenye chupa za kunyonyeshea watoto huko Ulaya mwaka 2011.

Sasa kipicha chako. Glasi na uma vinasema plastiki hii imekusudiwa kugusa chakula, basi. Havisemi chakula gani, wala joto kiasi gani. Mfuko uliopimwa kwa ajili ya mkate uliopoa haujapimwa kwa mvuke wa sufuria, tena wenye tui. Joto hufanya kemikali zitoke upesi kwenye plastiki, na nyingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Sijasema wali wako una sumu. Nasema kwa matumizi yako hayo hakuna aliyeupima mfuko huo. Na ile namba ndani ya pembetatu, wengi huishika kama cheti. Inataja aina ya plastiki tu.

Utaniuliza uupeleke wapi upimwe. Usijisumbue. Utapimiwa wa leo, kesho wa duka la jumla anakuuzia wa kiwanda kingine. Chukua jani la mgomba, lioshe, lipitishe juu ya makaa hadi lilegee, funika wali, weka mfuniko. Likichanika weka la pili, Mbagala migomba haijaisha. Mfuko fungia vitunguu.