Maswali na majibu: Kuaminiana msimu wa korosho

Mimi ni karani mpya wa chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho huku Tandahimba. Wakulima wananisimamia kwenye mzani kama mwizi. Nifanyeje?

Waache wasimame, mwanangu. Wazee wasogezee kiti. Wamepalilia, wamepuliza salfa, wameokota na kuanika. Gunia lile ndiyo ada ya mtoto na bati la nyumba. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008, siku hizi mkulima anakabidhi mzigo kwanza, fedha inakuja baada ya mnada. Hapo katikati hana kitu mkononi ila karatasi uliyomwandikia wewe. Kilo moja ikipungua kwenye karatasi hiyo, kwake umekula jasho lake, hata kama kalamu imeteleza tu.

Mwonyeshe mzani ukiwa sifuri. Soma kilo kwa sauti, naye arudie, ndipo uandike. Ukisema korosho zake ni daraja la pili, kata chache mbele yake aone mwenyewe. Makato nayo yabandikeni ukutani mapema, maana ugomvi mwingi huzuka siku ya malipo. Na ukikosea, mfuate nyumbani ukamwambie kabla hajagundua.

Rafiki yangu wa Newala amekwama ada. Anataka nimpe fedha sasa, anilipe korosho msimu ukifunguka. Tunaaminiana sana. Kuna ubaya?

Upo. Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho kwa mkulima nje ya mnada, ndugu yangu, hata mkiiita urafiki. Ni kosa kisheria, na anayeumia ni mwenye shamba: anauza akiwa na shida, bei ya mnada haijajulikana. Mkopeshe fedha, akurudishie fedha ileile. Korosho zake ziende chamani.

Nanunua pweza Mikindani kwa mvuvi mmoja mwaka wa tatu sasa. Nikimwambia tuandikiane, si ataona namtilia shaka?

Nunua daftari mbili, moja umpe yeye, uanze kwa kuandika deni lako wewe. Hataona shaka hapo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi hupotea pamoja na urafiki.

Nina duka Lindi mjini. Jirani amekopa unga, sasa akiniona anabadili njia.

Mwendee jioni, dada, peke yako. Usimdai mbele ya wanawe. Muulize ataanza na kiasi gani, hata kama ni elfu mbili, na mpaka amalize mwuzie taslimu.