Mlonge, shubiri na broila wanaohema mchana

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nafuga broila 400 huku Kibaha, sasa wana siku 30. Joto la Februari linaniumiza: ikifika saa nane mchana wanahema midomo wazi, mabawa yametanuka, na kila siku naokota wawili watatu, tena wale wakubwa. Jirani ananishauri niwachemshie mlonge, shubiri na kitunguu saumu niweke kwenye maji. Duka la pembejeo nako wananiuzia chupa ya dondoo za mimea, wanasema inaondoa stresi. Nifuate lipi?

JIBU: Nzuri, ndugu mfugaji. Mimea inasaidia, lakini haimpozi kuku wa saa nane. Tuanze na huyo anayekufa.

Kuku hana tezi za jasho. Njia yake kubwa ya kutoa joto ni kuhema, na akihema sana anapoteza hewa ukaa nyingi, damu inatoka kwenye uwiano wake. Chakula nacho kinazalisha joto kinapomeng'enywa. Aliyejaza gole (mfuko wa chakula shingoni) saa nne au saa tano, moto wa tumboni unamkuta saa nane, wakati bati nalo linawaka. Mkubwa ndiye mla sana na ndiye mwenye mwili mzito, kwa hiyo anatangulia. Broila wa umri huo anastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24 hivi. Pwani mwezi huu ni 32 na unyevu juu yake.

Basi kesho nyanyua vyombo vya chakula saa tatu na nusu asubuhi, virudishe saa kumi na moja jioni. Weka vya kutosha, maana watavivamia. Washa taa usiku wale kwenye ubaridi. Maji yasikatike hata kidogo, na tenki liwe kivulini. Maji ya moto kuku hayataki. Mwagia bati maji mchana, ila usinyunyize ndani kama banda halina upepo, utawapikia mvuke. Ukizidi kuku kumi kwa mita moja ya mraba, punguza. Pita katikati yao taratibu mara kwa mara ili wainuke, joto lililonaswa chini ya vifua litoke.

Sasa mimea. Joto likidumu siku nyingi, mwili wa kuku unatengeneza kwa wingi kemikali zinazoharibu seli, ini na utumbo vinachoka, ulaji unashuka. Majani ya mlonge, bizari ya manjano na tangawizi vina viambata vinavyolinda seli dhidi ya uharibifu huo. Kazi yake ni ya polepole, kwa hiyo anza wiki moja au zaidi kabla ya joto kali. Ukianza leo kwa kuku wa siku 30, faida ni ndogo. Panga kwa kundi lijalo.

Mlonge upe kwenye chakula, sio kwenye maji. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike mkononi yakiwa bado ya kijani, toa vijiti, twanga, chekecha. Anza na nusu kilo kwa mfuko wa kilo 50, usivuke kilo moja. Wanaojaza kilo tano au zaidi wanashangaa kuku hawaongezeki uzito: nyuzinyuzi zimezidi, nguvu ya chakula imepungua. Majani yenye ukungu tupa. Manjano ya unga, gramu 250 kwa mfuko huohuo zinatosha.

Shubiri ndiyo inayonitia wasiwasi. Ule utomvu wa njano chini ya ganda unaharisha. Ukichemsha jani zima, kuku wanaharisha, maranda yanalowa, amonia inapanda, na mchana ule ule wanaohema wanaivuta. Kitunguu saumu kilichopondwa kinachacha haraka kwenye maji kwa joto la Kibaha na kuacha utelezi ndani ya drinka (chombo cha maji).

Hiyo chupa, soma lebo. Kama imetaja mmea, kiambata na kiasi chake, mathalani karvakroli ya oregano, inaweza kujadiliwa. Kama imeandikwa tu “mitishamba asilia”, nunua vitamini C na elektrolaiti (chumvichumvi za kuchanganya na maji). Vitamini C miligramu 200 hadi 250 kwa kilo ya chakula. Ukitaka kujua kama mchanganyiko wowote unakulipa, gawa kundi vyumba viwili, chakula kile kile, kimoja bila nyongeza, kisha pima uzito siku ya kuuza.

Siku ya kuchanja dhidi ya mdondo au Gumboro (magonjwa ya virusi ya kuku) kwa maji, na siku moja kabla na baada, kusiwe na dondoo wala klorini ndani ya maji. Chanjo ni hai, vinaweza kuiua.

Na ukiokota maiti asubuhi na mapema pia, usilaumu joto peke yake. Mweke aliyekufa karibuni kwenye mfuko wenye barafu, usimgandishe, umpeleke kwa daktari wa mifugo apasuliwe siku hiyohiyo.