Maswali na majibu: Bibi wa Uswisi ambaye meli haikumwandika

Safari hii maswali yamefuatana kama siafu, na yote yanamzunguka mtu wa aina moja: mwanamke aliyeondoka Uswisi karne ya 18, akavuka bahari hadi makoloni ya Waingereza kule Amerika, kisha akazama ndani ya jina la mumewe.

Shikamoo mwalimu. Mume wangu ni mtu wa Ohio. Kwao wanasimulia kwamba bibi yao wa vizazi vinane nyuma, Anna Barbara, alitoka Uswisi akashukia Philadelphia miaka ya 1730. Nimepekua orodha za meli mpaka macho yameuma. Jina la mumewe lipo, lake halipo. Au hakuja? (Mama wa watoto wawili, Columbus)

Marahaba, binti yangu. Alikuja, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kumwandika. Zile tunazoziita orodha za meli nyingi ni orodha za kiapo. Kuanzia mwaka 1727, wanaume wageni wa miaka 16 na zaidi waliotua Philadelphia walitakiwa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, na majina yao ndiyo yaliyohifadhiwa. Watafiti wawili, Strassburger na Hinke, waliyachapisha mwaka 1934, na mpaka leo kila mtafutaji huanzia hapo. Mke haapi, mtoto haapi. Ni kama daftari la kodi ya kichwa la enzi za mkoloni kwetu: baba yumo, mama utamkisia. Manahodha wachache waliorodhesha wanawake na watoto pia, lakini hiyo ni bahati, usiitegemee.

Mtafute kwenye ardhi. Kwa sheria ya Kiingereza mjane alikuwa na haki juu ya theluthi ya ardhi ya marehemu, kwa hiyo mume alipouza shamba, mnunuzi mwenye akili alitaka mke naye aridhie. Soma hati ya kuuza mpaka mwisho kabisa. Pale chini karani ameandika jina lake, na katikati ya jina yeye mwenyewe ametia alama, pengine msalaba tu, pengine herufi mbili zilizopinda. Hapo ndipo mkono wake ulipogusa karatasi.

Halafu tafuta wosia. Wajerumani na Waswisi wa Pennsylvania hawakuandika "namwachia mke wangu matunzo" wakaishia hapo. Walitaja kitanda, ng'ombe, gurudumu la kusokotea, chumba atakachokaa na ngano atakayopewa kila mwaka. Kama watoto walibaki wadogo, nenda mahakama ya mayatima ya wilaya yao. Na kwenye vitabu vya ubatizo usiishie kwa wazazi, andika pia majina ya wadhamini wa mtoto. Mtu aliyefika ugenini humwita nduguye au mtu wa kijiji chake. Mara nyingi mdhamini ndiye anayekuonyesha kijiji.

Ninasoma habari za Moritz Goetschi, mchungaji wa Zürich aliyeongoza watu kwenda Amerika mwaka 1734. Mkewe anaitwa mara Esther Goetschi, mara Esther Werndli, mara Esther Werndlin. Alikuwa na wake wangapi? (Mwanafunzi, Arusha)

Mmoja, ndugu yangu, mwache marehemu apumzike! Swali lako limenichekesha, lakini wenye shahada zao wameteleza papo hapo.

Karani wa Kiswisi aliendelea kumwandika mke kwa ukoo wa baba yake hata baada ya ndoa. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa hili: Mwanaisha binti Omari akiolewa mara tatu anabaki binti Omari. Tena Wajerumani wa zama zile walibandika -in mwishoni mwa jina la ukoo la mwanamke. Weber akawa Weberin, Müller akawa Müllerin, Werndli akawa Werndlin. Goetschi ni jina la mumewe. Kwa hiyo ukikuta jina la mwanamke linaishia na -in, lisome mara mbili, nayo na bila yake. Nimeona miti ya ukoo mtandaoni yenye "ukoo wa Müllerin" ambao haujapata kuwepo duniani.

Na huyu Esther anastahili zaidi ya jina. Waliondoka Zürich Oktoba 1734. Walipofika Basel wakakwama, kwa sababu majeshi ya Ufaransa na ya Kaisari wa Wajerumani yalikuwa yanapigana kandokando ya Mto Rhine na bila pasi hakuna kupita. Mmoja wao, Ludwig Weber, aliishia Uholanzi, akarudi nyumbani na mwaka 1735 akachapisha kijitabu cha kuwaonya wenzake. Akina Goetschi waliendelea, wakafika Philadelphia Mei 1735 kwa meli Mercury. Mchungaji alikufa mara tu baada ya kushuka. Esther akabaki mjane na watoto, ugenini, na mwanawe Johann Heinrich, kijana wa miaka 17, ndiye aliyeshika mimbari. Haya tunayajua kwa sababu waliandika barua kwao. Barua za wahamiaji zilizobaki Zürich zina thamani kuliko orodha yoyote ya bandarini.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Babu alisema wamisionari wa kwanza waliofika Shirati mwaka 1934, akiwemo Elam Stauffer, walitoka Pennsylvania lakini asili yao ni Uswisi. Ni kweli? (Musoma)

Babu hakukosea. Stauffer ni jina la Emmental, upande wa Bern, ingawa jina peke yake halithibitishi nasaba ya mtu. Serikali ya Bern iliwaandama Waanabaptisti, ambao ndio chimbuko la Wamennonite, kwa kukataa kubatiza watoto wachanga na kubeba silaha. Mwaka 1671 mamia walifukuzwa wakakimbilia Pfalz, Ujerumani, na mwaka 1710 kundi la kwanza likaanza makazi ya Pequea, panapoitwa sasa Lancaster. Kwa sababu walipitia Pfalz, Waingereza waliwaandika "watu wa Pfalz", na wajukuu wengi wakadhani wao ni Wajerumani.

Kwa bibi wa namna hii, kitabu cha ubatizo kinaweza kukuangusha: wazazi hawakumpeleka. Tafuta kwa waliowasumbua. Mahakama za maadili za parokia za Bern ziliandika nani hakuja kanisani, nani ametozwa faini, mali ya nani imechukuliwa. Mtesaji huwa na kumbukumbu nzuri.

Karani wa Kiingereza ameandika ndoa Aprili 1738 na mtoto wa kwanza Februari 1738. Familia imeanza kunong'ona. (Muscat)

Waambie wanyamaze. Mpaka mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1738 yao ni Februari 1739 yetu. Mtoto ana miezi kumi ya ndoa, bibi na heshima yake. Pia kumbuka kalenda ya Zürich, Bern na Basel, zilizobadilisha mwaka 1701, ilikuwa siku 11 mbele ya ile ya makoloni.

Nikishajua ni Mswisi, naanzia wapi kule kwao? (Nairobi)

Kwenye kijiji cha asili. Mswisi hufungwa na mji wa asili wa ukoo wake, hata kama hakuzaliwa humo, na mke alichukua wa mumewe. Kipo kitabu cha majina ya koo za Uswisi kinachoonyesha kila ukoo una uraia wa mji gani, kwa hali ya mwaka 1962, nacho kinasomeka mtandaoni. Kutoka hapo ingia vitabu vya parokia. Zürich na Bern walianza kuviandika miaka ya 1520, na vya Bern vimewekwa mtandaoni. Zürich ina hazina nyingine: kuanzia 1634 wachungaji waliandika kaya moja moja, baba, mama na watoto, na mwaka 1744 wakaagizwa kuorodhesha waliokwenda Carolina na Pennsylvania. Humo wanawake wamo. Mtafiti Faust alizichapisha orodha hizo za wahamiaji mwaka 1920, kisha pamoja na mwenzake Brumbaugh akatoa za Bern na Basel mwaka 1925. Aliyeondoka na mali alitozwa kodi, mara nyingi asilimia 10, na mtoza kodi hakusahau hata mahari ya mjane.

Jiandae kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani. Mimi ulinichukua miezi.

Kaburini kaandikwa Fanny. Uswisi hakuna Fanny hata mmoja. (Dar es Salaam)

Verena. Pennsylvania walimgeuza Fronica, Waingereza wakamfanya Fanny. Tafuta upya.